Binti Aliyegeuka Kinu

Haya, mliosinzia amkeni, ngano hiyooo inakuja! Palikuwa na Bi Subira na bintiye, Mize. Bi Subira akisema, “Mize, oga,” mtoto anageuka kinu. “Mize, kula.” Kinu! Siku moja akamwambia, “Njoo umwamkie shangazi yako.” Kinu, palepale mlangoni!

“Kiburi hicho. Mchape!” shangazi akafoka.

Bi Subira akainua mchi, mara akasikia kilio ndani ya kinu: “Mama, nataka kumwamkia. Mbona siwezi?”

Mchi ukamdondoka. Akakikumbatia kinu, akataka kusema, “Toka, mwanangu.” Akakumbuka kwamba hiyo nayo ni amri, akanyamaza.

Ngano imeniishia hapo. Bi Subira bado amekikumbatia. Mwenye kulijua neno la kusema akamnong'oneze, mimi silijui.