Mgongo wa Mfalme Kaumana

Palikuwa na mfalme mmoja, Kaumana, katika kisiwa kimojawapo cha Polinesia, aliyependa lua kuliko chakula. Lua ni mieleka ya kale ya kuvunjana viungo, na wapiganaji wake hunyonyoa malaika, yaani manyoya ya mwili, yote, kisha wakajipaka mafuta ya nazi, adui asipate pa kushika. Sasa sikieni vituko vya bwana huyo. Kila mwanamume alilazimika kuingia ulingoni kupigana naye, na papo hapo amri yake nyingine ilisema raia atakayemgusa mfalme atauawa. Basi watu walisimama kama migomba, wakavunjwa. Alikwisha kuwashinda arobaini, na kichwa kikamvimba.

Zamu ikamfikia Kapono, mwunga mifupa, ambaye ndiye aliyewaunga wote arobaini. Mikono yake ndiyo jembe lake. Ikivunjwa, mkewe atakula nini, na yeye mwunga ataungwa na nani? Aliogopa, tusidanganyane. Ila ulimi ulikuwa mzima.

Mfalme akaingia anang'aa mafuta, akajizungusha ili watu wamwone vizuri. Hapo Kapono akauona mgongo. Mtu asiyeguswa hujinyonyoa mwenyewe, na katikati ya mgongo mkono haufiki. Pale palikuwa na manyoya, kifuu cha nazi hakioni ndani. Watu waliyaona miaka yote, wakanyamaza, maana kila mtu anapenda shingo yake.

Kapono akaketi chini.

"Inuka tupigane," akasema mfalme.

"Bado hujawa tayari, mtukufu."

"Mimi?"

"Sheria ya lua waliiweka babu zako. Mwenye malaika mwilini haingii ulingoni, na wewe mgongoni umefuga msitu."

Watu wakainamisha nyuso, mabega yakiwatikisika. Mfalme akajipapasa, mkono ukaishia njiani.

"Basi ninyonyoe."

"Nikikugusa nauawa."

"Leo naifuta amri hiyo."

"Itangaze, mtukufu, wasikie na wale walio nyuma."

Akaitangaza, kwa uchu wa kuvunja. Kapono akafungua mkoba wake wa kazi, akapaka utomvu wa mshelisheli kwenye kitambaa cha magome, kile anachofungia mifupa, akakibandika upande wa kushoto wa ule mgongo. Akakipigapiga taratibu mpaka kikashika. Kisha akakivuta.

Mfalme alitoa ukelele ambao mbwa wa kijiji kizima waliuitikia. Akaruka, akatua nje ya ulingo, na katika lua atokaye nje ameshindwa. Mwamuzi akapuliza baragumu lake la kombe la baharini kwa mazoea, kabla hajatazama ni nani aliyetoka.

"Hilo halihesabiwi," akasema Kaumana, machozi yakimlengalenga. "Pambano lilikuwa halijaanza."

"Kweli kabisa, mtukufu," akasema Kapono, akipaka utomvu kwenye kitambaa cha pili. "Rudi basi, upande wa kulia bado."