Pilau ya Mkutano

Mtaalamu Kisanga alifika kijijini na ripoti iliyokwisha kuandikwa: kituo cha kufua umeme hakitamdhuru mtu. Alichokosa ni muhtasari wa mkutano wa wananchi wenye muhuri wa kijiji, na aliutaka kabla ya saa nane.

Mkutano ulifanyika darasani, katibu wa kijiji akiandika muhtasari. Bi Somoe, aliyepewa kazi ya kupika pilau ya wageni, alikuwa na watoto watatu katika shule hiyo.

"Bomba la moshi litasimama wapi, baba?" aliuliza.

"Kule ng'ambo ya uwanja, penye kigingi chekundu. Usijali, mama. Upepo wa hapa unapeleka moshi porini."

"Hata mchana?"

"Siku zote. Wewe kaangalie sufuria zako, haya tuachie sisi."

"Haya, baba. Katibu, mwandike mgeni neno kwa neno, lisipotee hata moja."

"Huyu mama ana akili," alisema Kisanga, akaendelea na maelezo yake.

Saa sita moshi mzito ukajaa darasani. Kisanga alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Nani anachoma nini huko? Moshi wote unaingia humu. Nani anaweza kusoma hapa?"

Bi Somoe akachungulia dirishani, mwiko mkononi.

"Ni mimi, baba. Nimewasha jiko penye kigingi chekundu, na makumbi ya nazi yalikuwa yamelowa kidogo. Katibu, umeyaandika hayo ya mgeni?"

"Neno kwa neno."

"Basi gonga muhuri, tule. Pilau imeiva."