Mlima wa Gramu Mia Mbili

Anayeona haya kuonyesha kidonda chake hukosa dawa, na kidonda hakimwonei haya. Mama mmoja alifundishwa hivyo tangu shuleni, na bado yakamkuta.

Alikuwa karani wa zahanati. Kazi yake ilikuwa kuingiza uzito wa watoto kwenye kompyuta na kutoa mchoro wa kila mmoja: miezi chini, kilo pembeni. Kina mama ambao mistari ya watoto wao ililala aliwasema bila kupepesa macho, kwamba wanakula wao na kumsahau mtoto. Siku alipoingiza uzito wa mwanawe mwenyewe, mstari ulilala kama mgonjwa. Miezi minne, nyongeza ya gramu mia mbili tu.

Uso ukamsawijika. Angeuficha wapi? Akazibadili namba za pembeni: badala ya sifuri hadi kilo ishirini, zikaanzia nane na kuishia nane na robo. Mstari ukainuka, ukapanda kama ngazi. Alijiambia hajadanganya hata gramu moja. Muuguzi, mwenye michoro themanini ya kupitia, alitazama mstari, namba hakuzitazama. Akatia sahihi.

Nyumbani mama mkwe alilalamika kwamba mtoto ni mwepesi kama nguo iliyokauka kambani. Karani akamwekea karatasi mapajani.

"Mama, si unaona mstari unavyopanda?"

"Mimi sikusoma, mwanangu. Ila mikono hii imelea saba."

Karani akacheka, akamwambia mikono si mizani.

Baada ya miezi miwili mtoto akashindwa kusimama. Daktari aliomba ule mchoro, akapitisha kidole juu ya mstari, kisha akakisogeza hadi pembeni. Kidole kikaganda.

"Nani alizipanga namba hizi?"

Mama mkwe alikuwa kando. Kwenye benchi walikaa kina mama walewale waliosemwa.

"Ni mimi," karani akajibu, macho sakafuni.

Daktari akaeleza kuwa ni minyoo, ambayo miezi miwili nyuma ingetoka kwa vidonge. Sasa imenyonya damu, mtoto lazima aongezwe nyingine. Hakupandisha sauti. Heri angepandisha.

Mtoto alipona, ingawa polepole. Sasa akija mama mwenye mstari uliolala, karani hamsemi. Humwonyesha wa mwanawe, namba zikianzia sifuri, na kumwambia kwa sauti ya chini: mwenzangu, mficha uchi hazai.