Kamba ya Sikudhani

"Mwenye kamba hupimwa kwanza." Mmemsikia muuza vitumbua akimjibu hivyo mjumbe wetu, aliyekuja kumgombeza kwa ajili ya taka huku jalala la kwake mwenyewe limefika dirishani, nanyi mmekuja mbio kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Katika kata ya Kibwiri alikuwapo mwanamke aitwaye Sikudhani Mkude. Kwa miaka tisa aliopoa chupa za plastiki mtoni na kupanda matete kingoni, watu wakimcheka kwamba anafua mto. Mafuriko yalipochukua watoto watatu, kicheko kikaisha. Sikudhani akachukua fomu ya udiwani, na ahadi yake ilikuwa moja tu: asilale mtu ndani ya mita sitini kutoka mtoni. Watu wapewe viwanja mlimani, ukingo urudishiwe miti. Alisokota kamba ya katani yenye mafundo sitini, kila fundo mita moja, akapita nayo nyumba kwa nyumba. Fundo la mwisho likivuka mlango wako, ulichomekewa kigingi cheupe, alama ya kuhama.

Nyumba moja tu hakuipima mbele za watu. Alikwenda alfajiri, peke yake, kwa mama yake mzazi, Bi Tausi. Kamba ilifika mlangoni kwenye fundo la hamsini na mbili. Akarudia. Hamsini na mbili. Alikunja kamba haraka kama mwizi. Akinyamaza, ni mnafiki. Akisema, anamtoa mama wa miaka sabini na minne katika nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe. Akishindwa uchaguzi, mpinzani wake alikwisha kuapa kwamba hahamishwi mtu, na masika ilikuwa mwezi mmoja mbele.

Siku tatu kabla ya kura, kwenye mkutano wa kando ya mto, alisimama Chausiku, mkaanga samaki, ambaye mlangoni kwake kigingi kilikuwa na wiki mbili.

"Mgombea, nina swali dogo tu. Kamba hiyo kwenu imefika?"

Watu wakaguna. Kobero, aliyemsimamia kampeni, akamnong'oneza Sikudhani, "Dada, anzia kupima pale kwenye jiwe lililo ndani ya maji. Nani atajua?"

"Mto utajua," akajibu Sikudhani.

Akashuka hadi maji yanapoanza, akampa Chausiku ncha ya kamba. "Shika wewe." Kisha akapanda na ncha ya pili, umati nyuma yake ukihesabu mafundo kwa sauti, hadi alipokuwa mama yake, ameketi mlangoni anachambua mchele.

"Hamsini na mbili!" watu wakapaza sauti.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Nyumba iko ndani, mama. Itabidi uhame."

Bi Tausi akaweka ungo chini. "Umejua lini?"

"Wiki iliyopita."

"Jumapili umekula kwangu, ukanyamaza."

"Niliogopa, mama. Nisamehe."

Mama alimtazama sana. "Chomeka kigingi chako. Ila mimi sikushikii nyundo."

Sikudhani alikigonga huku analia, akiamini kwamba kura na mama vyote vimemponyoka siku moja. Alipomaliza akamwona Chausiku amesimama kando yake, ncha ya kamba bado mkononi.

"Haya, twende kwangu ukanipime tena," akasema. "Safari hii sikutukani."

Sikudhani alishinda kwa tofauti ya kura kumi na moja. Kabla ya masika Bi Tausi alikuwa wa kwanza kupandisha vyungu vyake mlimani, na msidanganywe, hakuhama kwa furaha. Hadi anaingia kaburini hakumwambia binti yake alimpigia nani kura. Lakini ile kamba aliiomba, akaitundika ukutani kwake. Na kila kiongozi aliyebisha hodi na amri mpya, diwani Sikudhani akiwemo, kikongwe yule aliinyooshea kidole kabla hata ya kumkaribisha kiti, akasema:

"Mwenye kamba hupimwa kwanza."