Jina la Mtoto wa Somoe

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, maana mtoto ninayemtaja leo ana wajukuu, palikuwa na mama mmoja bara ya Lindi, Bi Nachuma. Alikuwa na binti mmoja tu, Somoe. Somoe akafa akijifungua. Akabaki kichanga wa kike, na Bi Nachuma akakataa hata kumshika.

"Huyu ndiye aliyenimalizia mwanangu," akasema, akageukia ukuta.

Miezi saba mtoto hana jina. Jirani, kizee Bi Mwanauchi, akamlea kwa maziwa ya mbuzi. Watu wakamwita Mgeni, basi.

Mwezi wa nane likaja gari la sinema. Mwenye sinema, Sefu, alikuwa amepita pale Somoe akiwa mjamzito, akawapiga watu picha ili siku moja wajione. Sasa alizileta. Lakini mto umefurika, gari halivuki. Mpagazi Mkopi akajitwika sanduku la mtambo na picha, akaingia majini. Katikati jiwe likamvunja mguu. Hakuliachia sanduku. Pazia la sinema, lililofungwa juu ya sanduku, ndilo lililochukuliwa na maji.

Pazia hakuna, zitaonekana wapi? Bi Mwanauchi akaingia ndani, akatoka na sanda yake, aliyoinunua kwa miaka mingi ya kuuza vyungu.

"Tundikeni," akasema. "Mimi bado nipo nipo kidogo."

Wakaipigilia misumari ndani ya ghala la korosho, wakafunga milango mchana kweupe. Bi Nachuma naye akaletwa kwa kushikwa mkono.

Mara Somoe huyo, tumbo mbele, anacheka. Akageuka, akanyoosha mkono, midomo ikacheza. Sauti haikuwamo, lakini Bi Nachuma aliyajua maneno. Siku ile ya kupigwa picha yeye alijificha jikoni kwa haya, na Somoe alikuwa akimwita: "Mama, njoo nawe uonekane." Naye hakwenda.

Sasa akaenda. Akaushika ule mkono, akashika nguo. Nyuma yake mtoto akalia. Bi Nachuma akarudi, akampokea mtoto kifuani, akalia kilio alichokiweka miezi saba.

Pale pana desturi: anayemrudisha mtu kwenye uhai ndiye humpa jina mtoto wa nyumba ile. Tangu hapo ni ndugu, mambo ya mtoto hayakatwi bila yeye. Na jina ni moja, haligawiki. Kesho yake watatu waliomrudisha Somoe mbele ya mama yake wakaja uani, kila mmoja akidai jina.

Mkopi akasema, "Mama, bila mguu wangu zile picha zingeliwa na samaki. Upagazi ndiyo basi, na mke sina. Nipe mtoto huyu nimwite jina, nami niwe na mtu."

Bi Mwanauchi akasema, "Mwanangu Nachuma, maziwa sidai, mtoto hulelewa. Lakini sanda yangu ina matundu manne ya misumari, na hivyo hivyo nitazikwa nayo. Nataka niache duniani mtu mwenye jina lililotoka kinywani mwangu."

Sefu akasema, "Mama, bila mimi usingemwona. Lakini nisikufiche. Siku ile naondoka, Somoe aliniomba nafasi kwenye gari, akasubirie uzazi karibu na hospitali. Nikamwambia limejaa mitambo. Nimeyabeba hayo peke yangu. Nipe jina la mtoto, nisiweze tena kumkimbia."

Bi Nachuma alimtazama kijana yule, akataka kumfukuza, asimfukuze. Maana mtambo ule ule uliokalia nafasi ya mwanawe ndio uliomrudisha akicheka. Angepewa nafasi, labda angekuwa hai na picha isingehitajika. Akamtazama Mkopi na mguu wake, akamtazama kizee aliyempakata mjukuu wake alipokuwa yeye amegeukia ukuta. Mtoto akamvuta ushungi. Bi Nachuma akafungua kinywa kutaja mtu.

Mimi naishia hapo, na msinitazame mimi. Ninyi mliokaa hapa, wenye watoto na wenye kuwazika: kinywa kile kingekuwa chenu, mngemtaja nani?