Bilashi ya Dhakwani Mchota Maji

Wamesimulia waliotutangulia, nami nawaleteeni kisa kikiwa bado cha moto, kwamba katika mji mmoja wa kale aliishi mja aitwaye Dhakwani, mchota maji. Birika la kutawadhia pale msikitini alilijaza yeye, kwa hiari yake, kabla ya kila sala. Akipita na kiriba, mgongo umepinda kama upinde, watu humpisha njia: mashaallah, huyu pepo yake imeshatandikwa! Na Dhakwani, wallahi, masikio yalimwasha kwa utamu.

Lakini alijua jambo. Birika lilikuwa na ufa chini. Chokaa ya asubuhi moja tu ingeuziba. Ila birika likishika maji, nani tena atamwona Dhakwani akipita? Akanyamaza, akachota.

Basi ukuta wa Bi Ruwaida, ajuza mjane aliyepakana na msikiti, ukaanza kuvimba. Ukuta wa udongo, nao ndio uliobeba dari aliyolala chini yake. Siku ya Ijumaa, imamu ameshamsifu Dhakwani mpaka basi, watu wanatoka, bibi akamkabili mlangoni.

"Mwanangu, nyumba yangu inalowa na mvua hatujaiona. Wewe ndiye mwenye maji. Haya yanatoka wapi?"

Angesema ni chemchemi, wangeamini. Wangeita hata karama! Akautazama ukuta wa bibi ulivyovimba, akaikumbuka dari iliyoubebesha. Akasema mbele ya wote:

"Yanatoka kwangu, mama. Ufa naujua tangu mwaka jana. Niliuacha ili nisifiwe."

Kisha muuza tende mmoja, mtu wa mzaha, akaguna: "Maji kwa bibi, sifa kwa Dhakwani. Na kwa Mola kimepanda nini? Bilashi."

Yaani bila kitu, kwa lugha yao. Watu wakalidaka neno, na mji ule tangu hapo kila jasho la bure likaitwa bilashi.

Bi Ruwaida hakucheka. "Hilo ulilosema sasa hivi, baba, si bilashi," akamwambia. "Haya, kalete chokaa, uanzie kwangu."

Akaanzia kwake, akamalizia birika. Kesho yake adhana ikalia, watu wakatawadha maji tele, wakampita wasimtupie hata jicho. Dhakwani akakaa safu ya nyuma, mikono mitupu, mgongo mkavu, machozi ya furaha yakimtiririka.

Ndugu zangu, amali ni maji, na riya, kutenda ili usifiwe, ndiyo ufa. Kila mmoja na alichungulie birika lake, tena mapema.