Mlio wa Nyumbani

Hebu fumbeni macho kidogo, ndugu zangu, mwone chumba. Ni sebule ya nyumba ya wageni ya misheni, miaka ile ambayo kompyuta ilipata habari kwa waya wa simu. Mezani ipo simu moja nyeusi, na kwenye tundu la kuzungushia namba pana kufuli dogo. Mnaikumbuka desturi ile? Simu ya ofisi ilifungwa kufuli, na ufunguo ukakaa kiunoni mwa mtu mmoja. Hapa ulikaa kwa mama mpishi.

Mbele ya simu hiyo ameketi bwana mmoja wa afya, msafiri, mwenye kompyuta ya mpakato. Amezunguka vijiji siku tisa akiandika majina ya watoto wenye surua. Saa kumi kamili, gari la dawa linaondoka mjini. Orodha ikifika kabla ya hapo, gari litakuja huku. Isipofika, litakwenda wilaya nyingine, na watoto wale watangoja wiki nzima. Mtoto mwenye surua kali hana wiki nzima ya kungoja.

Sasa ni saa tisa. Bwana yule amechomoa waya wa simu na kuuchomeka kwenye modemu yake, kile kidude kinachoipigia kompyuta simu. Anabonyeza. Kompyuta inamwandikia: hakuna mlio, ule wa kukuambia kwamba laini ipo. Anabonyeza tena. Hakuna mlio. Anaangalia lile kufuli, damu inampanda.

"Mama, umefunga laini."

"Nimefunga kuzungusha namba, baba. Laini haifungwi kwa kufuli."

"Kompyuta inasema hakuna mlio."

"Kompyuta yako imetoka wapi?"

"Mjini."

"Basi labda haijaizoea laini ya kwetu. Wako wageni wakila ugali wetu wa mtama husema leo hawakupewa chakula." Akatoa ufunguo kiunoni. "Rudisha waya kwenye simu, nikufungulie, uwapigie uwasomee hayo majina."

"Laini imekufa, nitapigaje? Na ofisini hawapokei orodha kwa mdomo. Wanapokea kwa kompyuta tu."

"Hata watoto wakiumwa?"

Bwana yule aligeukia kompyuta. Alirudi kubonyeza. Nusu saa. Robo nyingine. Akasema misheni hii ina roho mbaya, akasema ataandika barua kwa askofu. Mama akaenda kugeuza maharage jikoni, akarudi, akamkuta bado anabonyeza.

Nawaona mnavyotikisa vichwa. Mmemkasirikia. Hata mimi namkasirikia, na mnajua mimi si mwepesi wa hasira.

Saa kumi kasoro dakika mbili, mama hakuomba ruhusa tena. Alichomoa ule waya mwenyewe, akaurudisha kwenye simu, akainua mkono wa simu, akamwekea bwana yule sikioni.

"Sikiliza."

Akasikia. Mlio ulikuwepo. Ulikuwa mnene, wa kukatika-katika, tofauti na ule mwembamba, mrefu, wa mjini kwake. Ulikuwepo tangu saa tisa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye neno. Kompyuta ile ilikuwa ya Linux, programu mojawapo ya kuendeshea kompyuta. Wenye kuijua wananiambia kwamba zile za zamani hazikukisia. Zilifanya kile ulichoziandikia. Na bwana yule, kabla ya kusafiri, alikuwa ameiandikia kwa mkono wake: ngoja mpaka usikie mlio wa nyumbani, ndipo upige. Basi ikangoja. Sasa bwana yule akaurudisha waya kwenye modemu, akafuta mstari huo mmoja, akaandika: usingoje, piga tu. Ikapiga. Ikalialia kama zilivyolia modemu, ikaunganika, orodha ikaenda.

Jibu lilirudi saa kumi na dakika kumi na mbili. Maneno mawili: gari limeondoka.

Mama aliyasoma juu ya bega lake, akarudi jikoni.

Mnasemaje juu ya mtu huyu? Mjinga? Mwenye kiburi? Haya, shikeni hukumu yenu hiyo hiyo, msiilegeze.

Jumapili iliyopita, humu kanisani, wakati wa matangazo, mama mmoja alisimama pale karibu na mlango. Kiswahili chake kilikuwa cha mbali, cha huko alikotoka. Alisema juu ya mumewe na mguu. Wapo waliocheka kidogo. Mzee mmoja akamwambia, "Mama, kaa. Maombi ya msaada huja kwa barua, kupitia jumuiya." Tukaimba wimbo wa sadaka. Mimi nilikuwa hapa hapa mbele, na niliimba.

Siku tatu baadaye majirani zake, ambao hata si wa kanisa hili, walimbeba mume wake kwa baiskeli hadi hospitali. Mguu umekatwa. Daktari amesema angeletwa Jumapili ungepona.

Nani aliandika kwamba kilio huja kwa barua? Ni sisi, kwenye kikao, tukapiga na muhuri. Nani aliandika kwamba mwenye shida lazima aseme kama sisi? Sheria hiyo hakuna aliyeiandika, lakini tuliitii. Kisha tunatoka hapa tukiulizana mbona siku hizi Mungu haongei. Ninaona uchungu, ndugu zangu. Nimefundisha watoto wadogo miaka mingi, na sijamwona mtoto wa darasa la kwanza anayemwambia mwenzake anayelia akalie kwa utaratibu.

Jina la mama yule silijui. Hakuna aliyemwuliza. Leo mchana nitakwenda hospitali kumwuliza, na atakayependa tufuatane.

Mengine yote niliyosema mkiyasahau, si neno. Nawaombeni mkumbuke moja tu: kabla hujasema hakuna mlio, inua simu, usikilize.